Uimara wa Mifupa: Yaliyothibitishwa na Utafiti na Yanayouzwa Madukani

Bidhaa zinazoahidi kuimarisha mifupa zimeongezeka sana sokoni. Zipo katika maduka ya dawa, katika semina za wauzaji wa virutubisho, na hata ndani ya mabasi ya mikoani, ambako muuzaji husimama katikati ya viti na kueleza habari za magoti na viuno kabla ya kutoa chupa mkobani. Mnunuzi huombwa atoe fedha nyingi kwa ajili ya jambo asiloweza kulihakiki kwa macho yake, yaani hali ya mifupa iliyo ndani ya mwili wake. Katika makala hii tunakusudia kumpa msomaji maarifa ya kutosha ili aweze kuzipima ahadi hizo. Tutaeleza kwanza mfupa ni kitu gani, kisha kwa nini mfupa mzito si lazima uwe mfupa imara, halafu yale ambayo utafiti umeonyesha kuwa huujenga au huudhoofisha, na mwisho mambo ya kuuliza kabla ya kulipa.

Mfupa ni kiungo kilicho hai

Watu wengi huufikiria mfupa kama jiwe: kitu kigumu kisichobadilika, ambacho kazi yake ni kubeba nyama. Fikra hiyo si sahihi. Mfupa una mishipa ya damu, una chembe hai, na hubomolewa na kujengwa upya katika maisha yote ya mtu. Kwa mtu mzima, takriban sehemu moja ya kumi ya mifupa yake hufanywa upya kila mwaka. Chembe za aina moja huondoa mfupa uliochakaa, na chembe za aina nyingine huja nyuma yake kuweka mfupa mpya.

Muundo wa mfupa waweza kufananishwa na nyumba ya miti na udongo. Fito zilizofungwa kwa kamba huipa nyumba uwezo wa kustahimili upepo, na udongo huipa ukuta ugumu. Katika mfupa, kazi ya fito hufanywa na nyuzi za protini ziitwazo kolajeni, na kazi ya udongo hufanywa na madini yaliyotokana na kalsiamu na fosfeti. Nyumba yenye fito pasipo udongo hupepesuka, na yenye udongo pasipo fito hubomoka kwa mtikisiko mdogo.

Jambo hili laweza kujaribiwa jikoni. Mfupa wa paja la kuku ukilowekwa katika siki kwa siku kadhaa, siki huyeyusha madini na kubakiza kolajeni, nao mfupa hupindika kama mpira. Mfupa mwingine ukichomwa sana motoni, kolajeni huungua na madini hubaki. Mfupa huo huwa mgumu kuugusa, lakini huvunjika vipande ukibanwa kwa vidole. Kwa hiyo ugumu peke yake si uimara.

Mifupa pia ni ghala. Takriban asilimia 99 ya kalsiamu yote ya mwili imo katika mifupa na meno. Sehemu ndogo iliyobaki huendesha kazi za moyo, misuli na neva, na mwili haukubali ipungue katika damu. Chakula kisipoleta kalsiamu ya kutosha, mwili hukopa ghalani. Mkopo wa siku chache hauna madhara. Mkopo wa miaka mingi usiolipwa hupunguza mfupa.

Akiba hiyo hujengwa zaidi utotoni na katika ujana, na hufikia kilele kabla ya mtu kutimiza miaka 30. Baada ya hapo ubomoaji huanza polepole kuushinda ujenzi. Kwa wanawake, kukoma kwa hedhi huharakisha upotevu huo, kwa kuwa homoni ya estrojeni, ambayo huzuia ubomoaji kupita kiasi, hupungua. Katika miaka 5 hadi 7 ya mwanzo, mwanamke aweza kupoteza hadi asilimia 20 ya msongamano wa mifupa yake bila kuhisi maumivu yoyote. Mara nyingi dalili ya kwanza ni mvunjiko wenyewe.

Msongamano na ubora ni mambo mawili

Kipimo kinachotumika zaidi hospitalini huitwa DXA. Mgonjwa hulala juu ya meza, na mionzi hafifu hupitishwa katika nyonga na uti wa mgongo ili kukadiria kiasi cha madini kilichomo. Matokeo hulinganishwa na ya kijana mwenye afya, na tofauti huandikwa kama alama T. Mwaka 1994, Shirika la Afya Duniani liliweka mipaka inayotumika hadi leo: alama ya -2.5 au chini yake huitwa ugonjwa wa mifupa dhaifu, na alama iliyo kati ya -1 na -2.5 huonyesha kuwa madini yamepungua ingawa hayajafikia kiwango cha ugonjwa.

Kipimo hiki ni cha manufaa, kwani kadiri msongamano unavyopungua ndivyo hatari ya kuvunjika inavyoongezeka. Lakini watafiti waligundua kuwa hakielezi yote. Watu wengi wanaovunjika mifupa wana alama iliyo juu ya -2.5. Tena watu wawili wenye alama moja hutofautiana: mmoja huanguka akainuka salama, na mwingine huvunjika nyonga. Mwaka 2001, jopo la wataalamu lililoitishwa na Taasisi za Taifa za Afya za Marekani lilichapisha maelezo yaliyobadili fikra za wengi. Lilisema kuwa uimara wa mfupa hutokana na vitu viwili kwa pamoja, yaani msongamano wake na ubora wake.

Ubora wa mfupa una sehemu kadhaa. Ya kwanza ni mpangilio: ndani ya ganda gumu la nje mna vijiti vidogo vilivyosukwa kama wavu, na vijiti hivyo vikikatika, wavu hulegea hata kama madini hayajapungua sana. Ya pili ni mwendo wa kubomoa na kujenga, ambao ukienda kasi kupita kiasi huacha mashimo yasiyozibwa. Ya tatu ni nyufa ndogo mno zinazotokana na matumizi ya kila siku, ambazo mfupa wenye afya huzitengeneza kabla hazijakua. Ya nne ni hali ya madini na kolajeni zenyewe.

Ugonjwa wa kisukari wa aina ya pili ni mfano mzuri. Wagonjwa wengi wa kisukari hicho huwa na msongamano wa kawaida au hata mkubwa kuliko wa kawaida, na bado huvunjika kwa urahisi zaidi kuliko watu wengine wa umri wao. Sukari iliyozidi katika damu hujishikiza kwenye nyuzi za kolajeni na kuzifanya zikakamae. Kwa hiyo mgonjwa wa kisukari aliyeambiwa kuwa kipimo chake ni kizuri asidhani kuwa hana la kuangalia. Kudhibiti sukari ni sehemu ya kutunza mifupa yake.

Funzo la floridi

Tofauti kati ya msongamano na ubora ilidhihirika waziwazi katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990 na madaktari wa Mayo Clinic, Marekani. Wakati huo ilijulikana kuwa floridi huzichochea chembe zinazojenga mfupa, na wengi walitumaini kuwa ingekuwa tiba. Wanawake 202 waliokwisha kukoma hedhi na wenye mifupa dhaifu waligawanywa katika makundi mawili. Kundi moja lilipewa miligramu 75 za floridi ya sodiamu kila siku, na la pili lilipewa kidonge kisicho na dawa. Wote walipewa kalsiamu. Baada ya miaka 4, msongamano wa uti wa mgongo wa waliopewa floridi ulikuwa umeongezeka kwa asilimia 35. Kwa mtu anayetazama kipimo peke yake, huo ulikuwa ushindi mkubwa.

Lakini mifupa ilisema jambo jingine. Mivunjiko ya pingili za uti wa mgongo haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mivunjiko ya sehemu nyingine za mwili ilifikia 72 katika kundi la floridi dhidi ya 24 katika kundi la pili. Mfupa ulikuwa umeongezeka uzito na kupungua ubora. Ni kama ukuta uliopakwa udongo mwingi juu ya fito zilizooza.

Jambo hili linatuhusu kwa karibu, kwa sababu ukanda wa Bonde la Ufa una floridi nyingi katika miamba na maji yake. Baadhi ya vyanzo katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro, Manyara, Singida na Shinyanga, na kwa upande wa Kenya maeneo ya Nakuru na Naivasha, vina floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kiasi kikiwa kikubwa kidogo, meno ya watoto hubadilika rangi na kuwa ya kahawia. Kikiwa kikubwa sana, na kwa miaka mingi, mifupa nayo huharibika: viungo hukakamaa, mgongo huuma, na miguu ya watoto yaweza kupinda.

Tunapenda msomaji wa maeneo hayo azingatie mambo manne. La kwanza, kuchemsha maji hakuondoi floridi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini maji yanapopungua kwa mvuke, floridi hubaki sufuriani na kuwa nzito zaidi. La pili, magadi yanayotiwa katika maharage na makande ili yaive upesi yaweza kuwa na floridi nyingi, na ni vyema yasitumike katika chakula cha watoto. La tatu, maji ya mvua yaliyokingwa katika chombo safi kwa kawaida huwa na floridi kidogo sana, na yafaa yahifadhiwe kwa kunywa na kupikia watoto wadogo. La nne, yapo machujio yanayofanya kazi. Katika kituo cha utafiti cha Ngurdoto, wilayani Arumeru, wataalamu wameshughulikia kwa miaka mingi uchujaji wa maji kwa kutumia mkaa wa mifupa ya ng'ombe, ambao hunasa floridi kwa sababu madini ya mfupa huivuta. Mnunuzi wa chujio la namna hiyo aulize limepimwa na nani, litachuja lita ngapi kabla ya kuchoka, na mkaa mpya utapatikana wapi. Chujio lililochoka hupitisha maji yaliyo safi kwa macho na yenye floridi ileile.

Vidonge vya kalsiamu na vitamini D

Hapa ndipo fedha nyingi za wanunuzi huenda, na utafiti umefanywa kwa wingi. Matokeo yake yanaweza kuonekana kuwa yanapingana, mpaka msomaji aangalie ni nani waliochunguzwa.

Mwaka 1992, watafiti wa Ufaransa walichapisha matokeo ya wanawake 3,270 waliokuwa wakiishi katika makazi ya wazee, wenye umri wa wastani wa miaka 84. Waliopewa miligramu 1,200 za kalsiamu na yuniti 800 za vitamini D kila siku walivunjika nyonga kwa asilimia 43 pungufu kuliko wenzao. Wanawake hao walikuwa hawatoki juani sana, na wengi wao walikuwa na upungufu wa vitamini D.

Mwaka 2006, Marekani ilitoa matokeo ya utafiti mkubwa zaidi, wa wanawake 36,282 wenye umri wa miaka 50 hadi 79, ambao kwa sehemu kubwa walikuwa na afya na walikula vizuri. Baada ya miaka 7 ya kutumia miligramu 1,000 za kalsiamu na yuniti 400 za vitamini D, msongamano wa nyonga ulikuwa mkubwa kwa takriban asilimia 1. Mivunjiko ya nyonga haikupungua kwa kiasi cha kuaminika, na mawe ya figo yaliongezeka kwa asilimia 17. Mwaka 2022, utafiti mwingine wa Marekani uliohusisha watu 25,871 ulionyesha kuwa yuniti 2,000 za vitamini D kwa siku, zikitolewa kwa watu wasiochaguliwa kwa kuwa na upungufu, hazikupunguza mivunjiko.

Kuzidisha nako kuna hatari. Nchini Australia, wanawake 2,256 wenye miaka 70 na zaidi walihusishwa katika utafiti ambamo nusu yao walipewa dozi moja kubwa ya yuniti 500,000 za vitamini D kila mwaka. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kuwa waliopewa dozi hiyo walianguka zaidi na kuvunjika zaidi kuliko wasiopewa.

Kwa upande wa Afrika, utafiti wa Nigeria uliochapishwa mwaka 1999 ulichunguza watoto 123 wenye matege yaliyotokana na ugonjwa wa mifupa laini. Waliopewa kalsiamu, peke yake au pamoja na vitamini D, walipona vizuri zaidi kuliko waliopewa vitamini D peke yake. Watoto wale walikuwa na jua la kutosha; walichokikosa ni kalsiamu katika chakula cha kila siku.

Tukiunganisha habari hizi, kanuni moja inajitokeza: kirutubisho humfaa anayekikosa. Mzee asiyetoka ndani, mtoto anayelishwa uji mtupu, mgonjwa ambaye daktari amemthibitisha kuwa na upungufu, na anayetumia dawa za mifupa dhaifu, wote hao wana sababu ya kutumia vidonge kwa ushauri. Mtu mwenye afya anayekula vizuri akinunua chupa ya pili na ya tatu hanunui mfupa wa ziada.

Chakula kinacholiwa nyumbani

Viwango vinavyotumika Marekani hupendekeza miligramu 1,000 za kalsiamu kwa siku kwa mtu mzima, 1,200 kwa mwanamke aliyezidi miaka 50, na 1,300 kwa mtoto wa miaka 9 hadi 18. Si lazima zitoke dukani. Glasi ya maziwa ya mililita 250, yawe mabichi yaliyochemshwa au mtindi, ina takriban miligramu 300. Dagaa wanaoliwa wazima, pamoja na mifupa yao, ni chanzo kizuri na cha bei nafuu, na huleta protini ambayo kolajeni huihitaji. Ulezi una zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100 za nafaka, kiasi kinachozidi mahindi na mchele kwa mbali. Unga wake ukilowekwa au kuchachushwa kabla ya kupika uji, mwili huipata kalsiamu hiyo kwa urahisi zaidi. Mchicha ni mboga njema kwa mambo mengi, ila una asidi inayoifunga kalsiamu yake, hivyo usihesabiwe kuwa chanzo kikuu.

Supu ya makongoro inastahili neno lake. Wengi huinywa wakiamini kuwa mifupa iliyochemshwa usiku kucha huhamia katika mifupa ya mnywaji. Ni chakula kitamu chenye protini, lakini kalsiamu huyeyuka kidogo sana katika maji, na sehemu kubwa hubaki katika mfupa unaotupwa. Anayeinywa kwa ajili ya ladha na nguvu hana kosa, ila asiiache dagaa au maziwa kwa sababu yake.

Kuwa chakula chaweza kuzuia mivunjiko kumethibitishwa kwa vipimo. Mwaka 2021, yalichapishwa matokeo kutoka makazi 60 ya wazee nchini Australia yenye wakazi 7,195. Katika nusu ya makazi hayo, maziwa, mtindi na jibini viliongezwa katika milo ya kawaida kwa miaka 2. Mivunjiko yote ilipungua kwa asilimia 33 na ya nyonga kwa asilimia 46. Hakikutumika kidonge chochote kipya.

Mwendo, uzito na kuanguka

Mfupa hujengwa pale unapobebeshwa mzigo. Mkono ambao mchezaji wa tenisi hushikia raketi huwa na mfupa mnene kuliko mkono wake mwingine. Wanaanga, ambao angani hawabebi uzito wao wenyewe, hupoteza zaidi ya asilimia 1 ya msongamano wa nyonga kila mwezi.

Kwa watoto, kuruka ni mazoezi bora. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2001, watoto wa shule waliruka kutoka juu ya sanduku mara 100, siku 3 kwa wiki, kwa miezi 7, nao wakapata mifupa yenye madini zaidi kuliko wenzao waliojinyoosha tu. Kuruka kamba na kucheza rede ni ujenzi wa mifupa usiogharimu chochote, na mtoto asizuiwe kwa kisingizio kuwa anapoteza muda. Kwa wanawake waliokoma hedhi, utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa mazoezi ya kunyanyua vitu vizito na kurukaruka, kwa dakika 30 mara 2 kwa wiki chini ya mwalimu, yaliongeza msongamano wa uti wa mgongo. Mwenye mifupa dhaifu asianze mazoezi hayo peke yake.

Tena, karibu mivunjiko yote ya nyonga hutokana na kuanguka. Taa ya njia ya msalani, sakafu isiyoteleza, mkeka usiokunjika pembeni, kishikio ukutani na miwani inayofaa humlinda mzee kuliko chupa nyingi za vidonge.

Vitu vinavyodhoofisha mifupa

Uvutaji wa tumbaku na unywaji wa pombe kupita kiasi hudhoofisha mifupa. Zipo pia dawa. Zinazoongoza ni za jamii ya prednisolone na dexamethasone zikitumiwa kwa miezi mingi. Ni dawa muhimu zinapoandikwa na daktari, na kuziacha ghafla ni hatari. Tatizo kubwa ni pale zinapotumiwa pasipo mtu kujua. Mwaka 2022, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya umma kuhusu bidhaa za maungio zilizouzwa kama virutubisho vya asili, ambazo zilipopimwa zilikutwa na dexamethasone na diclofenac zisizotajwa kwenye lebo. Bidhaa ya namna hiyo humwondolea mtu maumivu kwa siku chache, naye huisifu kwa jirani, huku mifupa yake ikiliwa kimyakimya. Dawa ya asili inayotuliza maumivu makali kwa saa chache itiliwe shaka.

Tenofovir, iliyomo katika dawa za kufubaza VVU, nayo yaweza kupunguza msongamano kidogo katika mwaka wa kwanza, kisha hali hutulia. Faida yake inazidi sana hasara hiyo, na hakuna sababu ya kuiacha. Anayetumia dawa hizi azungumze na mtoa huduma wake kuhusu lishe na mazoezi. Aidha, dolutegravir hudhoofishwa na kalsiamu. Vidonge hivyo viwili vimezwe pamoja na chakula, au dolutegravir itangulie kwa saa 2, au ifuate baada ya saa 6. Kalsiamu huzuia pia dawa ya tezi na baadhi ya antibayotiki kufanya kazi.

Kabla ya kulipa

Tunawasihi wanunuzi wazingatie yafuatayo.

1. Soma kiasi cha kalsiamu yenyewe, si uzito wa chumvi yake. Kalsiamu kaboneti ina asilimia 40 tu ya kalsiamu, na kalsiamu sitreti ina asilimia 21. Kidonge cha miligramu 1,250 cha kalsiamu kaboneti hutoa miligramu 500. Linganisha bei kwa kiasi hicho.

2. Usimeze zaidi ya miligramu 500 kwa mara moja, kwani mwili hufyonza vizuri kiasi kidogo. Kaboneti imezwe pamoja na chakula.

3. Usikubali kipimo cha kushika fimbo ya chuma. Mashine inayodai kusoma mifupa, figo na ini kwa dakika moja kupitia kiganja haipimi madini ya mfupa. Kipimo cha kisigino cha mawimbi ya sauti chaweza kuonyesha nani apelekwe hospitali, lakini hakitoshi kuthibitisha ugonjwa.

4. Kataa ushahidi wa mwezi mmoja. Mzunguko wa kubomoa na kujenga mfupa huchukua miezi kadhaa, na DXA kwa kawaida hurudiwa baada ya mwaka 1 au 2. Muuzaji anayeonyesha mfupa "ulioongezeka" katika wiki 4 anaonyesha karatasi tu.

5. Uliza kama bidhaa imepunguza mivunjiko, si kama imeongeza msongamano. Hilo ndilo funzo la floridi. Dawa ya alendronate, inayoandikwa na daktari, ni mfano mzuri, kwani utafiti wa mwaka 1996 ulionyesha kuwa ilipunguza mivunjiko ya nyonga kwa takriban nusu kwa wanawake waliokwisha kuvunjika pingili.

6. Dai risiti, hakikisha bidhaa imesajiliwa, na tunza chupa na lebo. Vitu hivyo ndivyo ushahidi wako endapo utalalamika.

Mtu aliyevunjika kwa kuanguka kutoka kimo chake mwenyewe, aliyepungua urefu, aliyekoma hedhi mapema, au anayetumia dawa za jamii ya prednisolone kwa zaidi ya miezi 3, asianzie kwa muuzaji wa virutubisho. Aende kituo cha afya na aeleze habari hiyo kwa maneno hayohayo, ili apimwe kwa kipimo kinachostahili. Fedha aliyokuwa aitoe kwa chupa ya kwanza huenda ikamtosha kwa nauli, kumwona daktari na maziwa ya wiki kadhaa.